Mama Mkaa na Mlango Mwembamba

Mwenye nyumba ile alikuwa na mkono wa birika, na ubahili wake ulionekana milangoni. Vyumba saba, ua mmoja wa saruji, bomba katikati, choo pembeni, na kila mlango umebanwa kama mfuko wa shati. Alipojenga alikuwa anabania mbao. Ukitaka kuingiza kitanda, ukifungue kwanza chote, ukiunganishe ndani kama unajenga upya. Mtu mnene anapita ubavu. Wapangaji walikuwa wakichekana, eti mwenye nyumba anachagua wapangaji kwa mlango: ukipita, karibu; usipopita, katafute kwingine.

Mama Mkaa naye alicheka miaka hiyo. Alikuwa na miguu.

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, hata mumewe alimwita hivyohivyo, Mama Mkaa. Aliuza mkaa kwenye kona ya mtaa miaka ishirini na miwili. Gunia analipokea mwenyewe kutoka juu ya lori, analitia mgongoni, analifikisha kibandani, na mwanamume atakayejitia kusema ngoja nikusaidie anatazamwa mpaka anasahau alikuwa anakwenda wapi. Mikono yake minene kama ya mpiga ngumi, kucha nyeusi hazitakati hata ukizipiga msasa. Hakuzaa. Waliomsema kwa hilo walimsema wakiwa mbali, maana karibu yake palikuwa na koleo.

Basi siku moja gunia likamjia kabla hajajiweka sawa. Utingo kule juu alilisukuma huku anapiga soga na mtu mwingine. Mgongo ukavunjika, miguu ikazimika palepale. Yule utingo alilia sana, watu wakamhurumia yeye. Mama Mkaa hakumhurumia, wala mpaka leo hajaanza.

Zahanati wakampa kiti cha magurudumu, kizito, cha chuma, kile kisichokunjika. Kikaja kwa mbwembwe kwenye pikapu, watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Kikafika mlangoni kikagoma. Mlango sentimita sitini na mbili, kiti sitini na sita. Wanaume watatu walikisukuma, wakakiinamisha, wakakigeuza, mmoja akasema labda tuanzie nyuma, kana kwamba kiti kina aibu. Wakachoka. Mwenye nyumba alipoombwa fremu ing'olewe akajibu kwamba atakayeigusa fremu yake atamjengea nyumba nzima. Mama Mkaa mwenyewe wakati huo alikuwa bado wa kulala chali, hata kukaa hawezi. Kiti kikanyeshewa uani wiki tatu, kisha zahanati wakakifuata wakampa mtu mwenye mlango.

Hapo ndipo mumewe akasema maneno aliyoyasema. Alikuwa fundi wa kuchomelea, miaka thelathini na moja kwenye karakana ya mageti, na karakana ilikuwa imefungwa mwaka uleule. Akasimama miguuni pa kitanda, akamwambia mkewe atamtengenezea kiti kitakachopita mlango huo. Tena si huo tu. Kitakachopita kila mlango wa mtaa, maana waliolala ndani kwa ajili ya milango ya wabahili hawako wachache, na hiyo ndiyo itakuwa biashara yao ya uzeeni. Mama Mkaa alimwamini. Alilala pale akamwamini kabisa, akaanza hata kupanga kiti chake kitakuwa cha rangi gani.

Na haikuwa ndoto ya mtu mmoja. Mdogo wake Mama Mkaa, kijana wa vyuma chakavu, aliiona biashara hiyo upesi kuliko wote. Akaleta mabomba ya chuma, mazuri, mepesi. Akaleta msumeno na mashine ya kuchomelea. Akatafuta kibanda nyuma ya ua. Akaenda mpaka zahanati akaongea nao, wakamwambia leteni kimoja tukione, kikifaa tutachukua kumi. Kimoja tu. Hata mtu mwenye haraka zake zote asingeomba kidogo zaidi.

Mume akachukua futi yake, ile ya chuma inayovutwa na ikiachiwa inarudi kwa kelele, akapima mlango wao. Sitini na mbili. Akaandika kwenye daftari. Halafu akajiuliza, na wa jirani je? Sitini na moja na nusu. Ndiyo unaona, akasema, ningekata kwa huu wetu ningekuwa nimekosea. Akapima ua wote. Akapima nyumba ya mbele, na ya nyuma, akavuka barabara. Mwezi wa pili alikuwa na milango arobaini. Mwezi wa tano, mia. Watu wengine walidhani katumwa kuja kubomoa, wakajifungia ndani, naye akangoja nje mpaka wafungue, akapima. Wakamwita Bwana Futi. Watoto wakimwona wanapanga mstari ukutani wanyooshe mikono wapimwe, naye kwa upole wake anawapima.

Milango ilipotimia mia moja na arobaini, akaingia kwenye vizingiti. Vya chini, vya juu, vya saruji, vya mbao. Baada ya vizingiti, kona: kiti kikishaingia kitageukaje? Baada ya kona, magurudumu, ya mpira au ya plastiki ngumu. Akatengeneza kiti kizima cha boksi, akakibandika gundi, akakikalisha mezani akakizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Kila jioni alirudi, akakaa pembeni ya kitanda akamsomea mkewe daftari. Hamsini na tisa. Sitini na nne. Hamsini na tisa tena. Mama Mkaa alikuwa anatazama dari. Dari lilikuwa na doa la maji lenye umbo la sufuria bila mfuniko, na kadiri miezi ilivyokwenda alilijua lile doa kuliko alivyomjua mumewe.

Mabomba yalikuwa kibandani, hayajaguswa.

Ukitaka kujua sababu, sababu ilikuwa geti. Mwaka wa nne wa kazi yake Bwana Futi alipima geti mwenyewe akalikata mwenyewe, likatoka fupi kwa shubiri nzima. Mwenye geti akalikataa. Bosi hakumfukuza, na angemfukuza ingekuwa nafuu. Alilichukua lile geti akaliegemeza ukutani pale pa kuingilia karakanani, na kila mwanagenzi mpya akiuliza hili la nani mbona limekaa, anaambiwa la yule pale. Miaka ishirini na saba. Geti liliota kutu, nyasi zikapenya katikati ya nondo, na bado la yule pale. Kutoka siku hiyo Bwana Futi hakukata tena kitu alichokipima yeye. Mwenzake anapima, anapiga chaki, yeye anafuata chaki. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wote pale, ila ulikuwa mkono wa chaki ya mtu mwingine.

Mama Mkaa alilijua hilo geti. Alimwonea huruma kwalo siku nyingi, mpaka huruma ikaisha. Ilimwishia siku ya mvua. Siku ile mumewe alimbeba akamkalisha uani kwenye kiti cha plastiki aote jua kidogo, akaenda kupima mlango mmoja tu, wa karibu. Ua ulikuwa mtupu, watu kazini. Alirudi saa tisa. Mvua ilikuwa imekuja, imenyesha, imekatika, na Mama Mkaa yuko palepale kama nguo iliyosahauliwa kambani. Bwana Futi alilia, akamkausha nywele. Akasema lakini nimepata mlango wa hamsini na nane. Tangu hapo Mama Mkaa akasema habebwi tena, ila kwenda chooni, tena alfajiri na usiku, gizani. Hakuwa gunia.

Mdogo wake naye alichoka mwezi wa tisa. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia hata ndani.

"Shemeji," akasema, "kata hata kimoja kibaya."

"Kibaya nimkalishe dada yako?"

"Dada yangu hata kizuri hajakiona."

Kisha kijana akasema zahanati wameshanunua kwingine, viti kumi, vipana kama vitanda, na yeye anakwenda kushika kazi nyingine. Mabomba aliyaacha. Alimuaga dadake akiwa ameinama, na dadake akamwambia nenda, wewe una miguu, itumie. Hakumkasirikia. Alimkasirikia aliyebaki.

Basi katika miezi hiyo yote Mama Mkaa alikuwa na mtu mmoja wa kwake, na huyo ni Mkunga wa chumba cha sita, upande wa pili wa ua. Mama mmoja mnene, mstaafu, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa na kuwasema nusu nyingine. Kila siku saa nne alikuwa anaingia kwa ubavu, huku anamtukana mwenye nyumba, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kitanda kinalia, na wanaanza. Hawakuwa wanasema mambo ya maana. Fulani kanenepa, fulani kakonda, fulani anajidai. Lakini saa nne ilikuwa saa nne.

Mwezi wa tisa huohuo miguu ya Mkunga nayo ikavimba. Akashindwa kutembea. Sasa huyu kalala huku, yule kalala kule, katikati ua wa hatua kumi na mbili. Mkunga akabuni kugonga. Saa nne anachukua kijiko anagonga kikombe cha bati, ngo, ngo, ngo, naye Mama Mkaa anajibu kwa mpini wa koleo kwenye nondo za dirisha. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta. Salamu nyingine zilipitia kwa Mama Kamba wa chumba cha tatu, yule dobi, aliyeitwa hivyo kwa sababu kamba zake za kuanikia zimeuvuka ua mzima na hakuna aliyepita bila kupigwa kofi na shuka la maji. Lakini Mama Kamba ana haraka. Unampa salamu ndefu, anafikisha fupi.

Miezi mitano hivyo. Mlio wa kikombe ukawa unadhoofika. Siku nyingine ngo moja tu, na Mama Mkaa analala ameshika koleo anangojea ya pili.

Halafu Ijumaa moja Mama Kamba akaja na beseni la nguo kiunoni, akasema mtoto wa Mkunga anakuja kumchukua mama yake, Jumapili ya wiki ijayo. Anampeleka kwake, safari ya siku mbili. Harudi huyo, Mama Kamba akasema, na akaondoka kwenda kuanika.

Siku tisa.

Mumewe aliporudi Mama Mkaa hakumruhusu afungue daftari. Alimwambia habari ile, akamwambia anataka kiti chake kabla ya Jumapili hiyo, apite huo mlango, avuke ua, akae na mwenzake kama watu. Bwana Futi alisikiliza, akasikitika kweli, hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia na ilibidi Mama Mkaa ajitahidi. Alikuna kichwa, akasema siku tisa ni chache. Alikuwa bado hajapima upande wa sokoni. Wengi wanahamia kule, milango ya kule ni ya bati, na bati linapinda.

Mama Mkaa akageuza uso akalitazama doa lake.

Jumatatu asubuhi Bwana Futi akashika futi akaenda sokoni. Mama Mkaa akasikia geti la ua limefungwa. Akamwita Mama Kamba kwa sauti ambayo alikuwa hajaitumia tangu enzi za malori.

Kujikokota kwa mikono asingeshindwa, mikono alikuwa nayo. Ila aliwahi kujaribu mwezi wa tatu, saruji ikamchuna mapaja bila yeye kusikia, kidonda kikachukua miezi miwili kupona, na nesi akamkataza kabisa. Kwa hiyo alikuwa amelifikiria jambo lake, na hakulifikiria kwa miezi kumi na minne. Alilifikiria kwa Jumamosi na Jumapili. Alimwambia Mama Kamba alete lile beseni lake kubwa la plastiki, la kuloweka mablanketi.

"La nini?"

"Nataka kwenda kwa watu."

Mama Kamba akamtazama, akalitazama beseni, akaenda kufungua kamba moja ya nguo. Wakatandika blanketi ndani ya beseni mara nne. Mama Mkaa akajishusha kitandani kwa mikono, akajitia ndani ya beseni, akakunja miguu yake moja moja kama anakunja nguo za mtu. Mama Kamba akafunga kamba kwenye masikio ya beseni, akavuta. Saruji ya ndani ilikuwa laini, likateleza. Mlangoni likaingia bila hata kugusa, nafasi ikabaki huku na huku. Kwenye kizingiti wakaweka mkeka uliokunjwa, wakahesabu, mmoja akavuta mwingine akajisukuma kwa viganja, beseni likaruka likatua uani kwa kishindo.

Jua lilimpiga usoni. Akafumba macho kidogo. Ua ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka, na bomba lilikuwa limebadilishwa, na mpangaji wa chumba cha nne alikuwa mtu ambaye hamjui kabisa, kasimama na mswaki mdomoni anamtazama bibi kizee ndani ya beseni. Akamsalimu, naye akaitikia kwa povu.

Mlango wa Mkunga ulikuwa wazi. Mama Mkaa akajisukuma mwenyewe hatua mbili za mwisho. Ndani mle mlinuka dawa ya kuchua na mtu anayelala sana. Alimwona kitandani, akafikiri kakosea chumba. Ule unene wote ulikuwa umekwisha, umebaki miguuni tu. Mkunga akageuza kichwa taratibu.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa napimiwa mlango."

"Miezi yote hiyo? Kwani mlango wa ikulu?"

Wakacheka mpaka Mkunga akakohoa na Mama Mkaa akamfuta mdomo. Kisha wakashikana mikono, ule mweusi wa mkaa na ule mwembamba wa ugonjwa. Mama Kamba akawaacha, akatoka akisema anakwenda kutafuta kamba nyingine, ingawa alikuwa nayo begani.

Bwana Futi alirudi saa nane na milango kumi na miwili ya bati. Alikuta kitanda kitupu. Watu wanasema aliinama akachungulia uvunguni. Ndipo akasikia sauti kutoka chumba cha sita, akaifuata, akasimama mlangoni na daftari kwapani, akamkuta mkewe chini, ndani ya beseni la kufulia, anamchana Mkunga nywele. Alifungua mdomo. Ikaonekana anataka kuuliza beseni lina upana gani, lakini hata yeye akajistahi.

Mama Mkaa hakumpigia kelele. Alimwambia akalete bomba moja na msumeno, avilete hapa mlangoni, sasa hivi. Akamwomba Mama Kamba kipande cha mkaa cha jikoni. Bomba lilipoletwa akalilaza mapajani, akajipima nyonga kwa shubiri zake mwenyewe, akajumlisha kidogo, akalipiga alama nyeusi.

"Kata hapa," akasema. "Likikosewa, nimekosea mimi. Waambie wote, geti hili ni la yule pale kwenye beseni."

Bwana Futi akaishika ile alama kwa macho muda mrefu. Halafu akapiga goti, akaweka msumeno. Mkono wake ulikuwa haujasahau. Alikata sawa kama anakata sabuni.

Mama Mkaa akapiga alama nyingine, na nyingine. Jumanne walipiga alama, Jumatano akachomelea. Magurudumu yalitoka kwenye toroli bovu, mawili hayakulingana. Alhamisi mchana kiti kikasimama, na kilikuwa kibaya. Kimeegemea kushoto kama mlevi anayesikiliza. Gurudumu moja linalia. Lakini kilipita. Mlangoni kilipita, kidole kimoja huku na kidole kimoja huku, naye Mama Mkaa juu yake, anajisukuma.

Akapiga yowe dogo. Vifundo vyote vya mikono vilikuwa vimechunika kwenye fremu.

Bwana Futi alikuja akaishika ile mikono inayotoka damu, akaigeuza, akaitazama kana kwamba hajawahi kuona mikono. Milango zaidi ya mia moja na hamsini, na hakuna hata mmoja alioupima ukiwa na mtu ndani yake, mtu mwenye viwiko, anayesukuma gurudumu. Alisema polepole kwamba magurudumu ilifaa yaingie ndani, chini ya kiti, na mtu ashike juu. Mama Mkaa akamwambia hilo lingejulikana mwaka jana, siku ya kwanza, kabla ya saa sita. Akajifunga vitambaa mikononi, akaenda zake kwa Mkunga.

Walikuwa wamebakiwa na Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Siku tatu walikaa pamoja, mmoja kitandani mmoja kwenye kiti cha kuegemea kushoto, wakawapitia watu wote wa mtaa, walio hai na waliokufa, hawakumwacha mtu. Mara nyingine Mkunga alisinzia katikati ya neno. Mama Mkaa alingoja aamke, aendelee na lilelile neno.

Jumapili gari likaja. Mtoto wa Mkunga, mwanamume mwenye shati la kupigwa pasi, na dereva wa kukodi. Wakajaribu kumtoa mama kwa blanketi, mmoja kichwani mmoja miguuni. Mlangoni hapapiti watu wawili na mgonjwa katikati. Walipompinda Mkunga akatoa sauti iliyofanya ua mzima unyamaze. Wakamrudisha. Mtoto wake akaegemea ukuta, jasho linamtoka, haelewi afanye nini.

Mama Mkaa alikuwa uani, juu ya kiti chake cha siku tatu. Aliwatazama. Akamwita Mama Kamba alete beseni.

"Hapana," Bwana Futi akasema. "Hicho ni chako."

"Shika hapo, nishushe."

Akashushwa kwenye beseni, kiti kikaingizwa chumba cha sita. Mkunga akaenea vizuri. Akatoka mlangoni akiwa amekaa, kichwa juu, kiti kinalia kwiyo, kwiyo, mpaka kwenye gari. Na ikaonekana wazi, bila mtu kusema, kwamba kule anakokwenda nako atahitaji kushuka, na kuna milango. Mtoto wake akaanza kuuliza habari za kununua. Mama Mkaa akamwambia akipakie kiti, afunge buti.

Kabla mlango wa gari haujafungwa Mkunga akainamisha uso dirishani. Kutoka kwenye beseni mpaka dirishani ni mbali, ilibidi kila mmoja aongee kwa nguvu.

"Saa nne nitagonga."

"Sitasikia, shoga yangu."

"Najua. Nitagonga."

Gari likaondoka. Siku mbili za safari. Mama Mkaa akabaki kwenye saruji, chini, usawa wa magoti ya watu.

Ijumaa dereva yule akarudi. Alikuwa na baba yake, kalala ndani mwaka wa pili, na alitaka kiti kama kile, ila kisichoegemea. Alikitaka Jumatatu. Bwana Futi uso ukamng'aa, akaingia ndani mbiombio, akatoka na daftari, akaanza kumuuliza dereva mtaa wao una nyumba ngapi.

Mama Mkaa alikuwa pale bombani anaosha vyombo ndani ya beseni lake.

"Mlango mmoja," akasema bila kuinua uso. "Wa huyo mzee. Kisha mikono yake. Basi."

Bwana Futi akaenda, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Daftari alikuwa kaliacha, namba kaziandika kiganjani. Jumamosi asubuhi akatoa bomba uani, akalipangusa, akaja mpaka kwa mkewe akachuchumaa, akamnyooshea kipande cha mkaa.

Mama Mkaa akakitazama. Vifundo vya mikono yake vilikuwa na magamba meusi, havijapona.

"Mimi nimeshakosea kimoja," akasema. "Sasa zamu yako."

Akaweka viganja chini, akajisukuma. Hatua kumi na mbili kwa beseni ni misukumo thelathini na kitu. Akapita chini ya shuka za Mama Kamba, zikampangusa uso. Mlango wa chumba cha sita ulikuwa wazi, mpangaji mpya hajaingia. Kimefagiwa. Umebaki msumari ukutani na alama nne za miguu ya kitanda sakafuni. Akakaa kizingitini, mgongo kwa ua, koleo mapajani. Jua lilikuwa limefika pale linapofika saa nne. Alisikiliza. Bomba lilikuwa linadondosha. Mtu wa chumba cha nne alikuwa anapiga mswaki.

Akagonga fremu kwa mpini, mara tatu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna aliyeitikia.

Nyuma yake kulikuwa kimya, kimya kirefu, cha mtu aliyechuchumaa na kipande cha mkaa mkononi. Mama Mkaa hakumsaidia. Akaanza kuhesabu matone ya bomba ili asimsubiri. Alifika mia na kitu, akapotea, akaanza upya.

Kisha msumeno ukaanza, kwanza kwa kusitasita, halafu sawasawa. Kipande kikaanguka kwenye saruji kikalia mara moja. Mama Mkaa hakugeuka kutazama kama ni kifupi.